Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mbio za Xavier Worthy

Houston, Aprili 2025

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Baba yako hajambo, naye anakusalimu.

Umeniandikia kwamba huko Kansas City wewe na wenzako hamwelewani kuhusu Xavier Worthy, mpokeaji (mchezaji wa kukimbia mbele na kudaka pasi) wa timu ya huko, Kansas City Chiefs, katika mpira wa Kimarekani. Mmoja anashikilia kwamba timu zilizompita katika drafti ya mwaka jana, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, zilikuwa vipofu, mwingine anasema mbio ni maonyesho tu na hazina kazi uwanjani, na wewe umeamua kuniuliza mimi, kwa kuwa nilifundisha michezo shuleni miaka mingi na saa ya kupimia mbio ilikuwa haitoki shingoni mwangu: kwa nini kijana aliyekimbia kuliko mpokeaji yeyote aliyewahi kupimwa katika majaribio ya ligi alisubiri hadi nafasi ya 28? Kwa maoni yangu nafasi ile ilikuwa halali yake, na hao wenzako wawili wamekosea wote.

Tuanze na namba yenyewe. Tarehe 2 Machi 2024, katika majaribio ya Indianapolis, ambako timu huwapima vijana kabla ya drafti, Worthy alikimbia yadi 40, ambazo ni mita 36.6, kwa sekunde 4.25, kisha akarudia kwa 4.21 na kuivunja rekodi ya 4.22 ambayo John Ross aliiweka mwaka 2017. Lakini pale hailizwi bastola ya kuanzisha mbio. Mkimbiaji huinama na kuondoka anapopenda mwenyewe, mtu mmoja hubonyeza saa anapouona mwili ukianza kusogea, na mwisho wa mbio ndio unaopimwa kwa mtambo. Nimeibonyeza saa mara nyingi kiasi cha kujua kwamba kidole gumba hakiendi sawa na jicho, hata kwa mwalimu makini. Tofauti ya Worthy na Ross, kwa mwendo ule, ni kama sentimita kumi tu, na mimi sigombani na mtu kwa sentimita kumi. Tofauti ya 4.21 na 4.61 ni jambo jingine, kwa sababu hizo ni takriban mita nne, na mita nne hazihitaji saa ili zionekane.

Sasa fikiria kazi ya mpokeaji. Indianapolis alikuwa amevaa bukta, hana mpira, hana mtu mbele yake, na hakutakiwa kusimama popote. Uwanjani beki anamsubiri karibu sana, anampiga viganja kifuani kabla hajamaliza hatua ya pili, na hata akipita, mara nyingi anatakiwa akimbie yadi kumi na mbili kwa nguvu zote, asimame kwa hatua mbili tatu, kisha ageuke, wakati mpira umekwisha kuondoka mkononi mwa mrushaji. Mtazame vizuri anayejua kufanya hivyo: nyonga zinashuka ghafla, mguu wa nje unakita chini, lakini kifua hakiinuki, kwa kuwa beki anakisoma kifua, na kikiinuka tu anajua kwamba mwenzake anataka kusimama. Ufundi huo hakuna saa inayoupima. Ndiyo maana Cooper Kupp, aliyekimbia kwa sekunde 4.62 na kuchaguliwa wa 69 mwaka 2017, aliweza katika msimu wa 2021 kudaka mipira 145, kupata yadi 1,947 na kufunga mara 16, na kuongoza ligi nzima katika hesabu zote tatu. Na katika drafti hiyohiyo ya Worthy, mpokeaji wa kwanza kuchaguliwa, Marvin Harrison Jr., aliyekwenda Arizona nafasi ya nne, hakukimbia hizo yadi 40 kabisa. Timu zilikuwa zimemwona akicheza, zikatosheka.

Kulikuwa pia na suala la mwili. Worthy alipimwa ratili 165, yaani kilo 75 hivi, uzito mdogo mno kwa mtu atakayegongwa na wanaume wa kilo mia. Timu zina kumbukumbu. Ross mwenyewe alichaguliwa wa tisa na Cincinnati kwa nguvu ya ile 4.22, kisha akamaliza msimu wake wa kwanza bila kudaka pasi hata moja, na majeraha hayakumwacha baadaye. Kabla yake, mwaka 2009, Oakland ilimchukua Darrius Heyward-Bey nafasi ya saba baada ya kukimbia kwa 4.30, ikamwacha Michael Crabtree aende San Francisco. Aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa kwa kusita.

Hata hivyo, yule mwenzako anayesema mbio ni maonyesho ndiye aliyepotea zaidi. Mbio za mpokeaji hufanya kazi hata asipopewa mpira. Beki wa nyuma akijua kwamba kuna mtu ambaye akishapita hashikiki, anarudi hatua kadhaa kabla mchezo haujaanza, na nafasi anayoiacha katikati inamfaa mwingine, ambaye kwenu huko ni Travis Kelce. Kansas City walikuwa na mtu wa namna hiyo, Tyreek Hill, wakamuuza Miami mwaka 2022, na kwa misimu miwili waliuona upungufu huo. Ndiyo maana walikubaliana na Buffalo, wapinzani wao wakubwa, wakapanda kutoka nafasi ya 32 hadi ya 28 ili wampate Worthy.

Buffalo nao, na hapa napenda uwasomee wenzako polepole, wakashuka tena na kumchukua Keon Coleman nafasi ya 33, kijana aliyekimbia kwa 4.61. Msimu ulipokwisha, Worthy alikuwa amedaka mipira 59 kwa yadi 638, na Coleman mipira 29 kwa yadi 556. Gawanyeni wenyewe: yule mzito wa mbio alipata wastani wa yadi 19 kwa kila mpira, na yule mwenye rekodi ya mbio hazikufika 11. Msikimbilie kusema kwamba Worthy alishindwa. Wapokeaji wenzake hawakuwapo: Rashee Rice alikuwa ameumia goti, Marquise Brown alikosekana karibu msimu wote, kwa hiyo kijana wa mbio ndefu alipewa kazi ya pasi fupi ambayo haikuwa imekusudiwa iwe yake. Hata mara ya kwanza kabisa alipougusa mpira katika ligi, dhidi ya Baltimore mwezi Septemba, hakurushiwa mbali: alikabidhiwa mkononi, akakata pembeni, akaenda yadi 21 hadi mwisho.

Umeuliza pia kama Super Bowl ya Februari, ile fainali ya ligi, haijamaliza ubishi, maana alidaka mipira minane kwa yadi 157 na kufunga mara mbili. Haijamaliza. Alipofunga mara ya kwanza, Philadelphia walikuwa mbele 34 kwa 0, na alipofunga ile ya yadi 50 zilikuwa zimebaki chini ya dakika mbili, na mabeki wa Philadelphia walikuwa wanalinda saa kuliko uwanja. Ukitaka ushahidi, tafuta mechi ambayo bado haijaamuliwa, uache kumfuata mwenye mpira kwa macho, umwangalie beki wa nyuma anasimama yadi ngapi Worthy anapokuwa ndani, na ngapi anapokuwa benchi. Kisha niandikie ulichokiona.

Mama yako