Vita vya maneno shambani: je, matone yameshinda mfereji?

SWALI: Shikamoo mama. Kikundi chetu tuko watu kumi na wanne. Tumekodi nusu ekari kwa pamoja ili tujaribu mbinu mpya za mboga kabla ya kila mtu kuzipeleka kwake. Msimu uliopita tulipanda nyanya aina ya Tanya. Upande wa chini tulimwagilia kwa matone, katikati tukatandaza majani makavu ya migomba, na upande wa juu tukatumia mfereji kama tulivyozoea. Matone yametoa matenga mengi kuliko yote. Sasa mwenyekiti anataka kila mwanachama akope anunue mipira ya matone. Wengine tunasita, na hatusemezani vizuri. Utushauri. (Katibu wa kikundi, Arumeru)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mwenyekiti aache kwanza habari ya mkopo.

Matone mliyaweka chini. Kila masika mvua huteremsha udongo mzuri na samadi hadi huko, na unyevu nao hukaa zaidi. Kwa hiyo hamjui kilichozaa ni matone au ni mahali. Tena nina hakika, ingawa hukuandika, kwamba mbinu mpya ilipewa miche ya trei na palizi ya mapema, na mfereji ukaachwa kama mtoto wa kambo. Ndivyo vikundi vingi vinavyofanya.

Safari hii gaweni shamba katika kanda tatu zinazokata mteremko: ya juu, ya kati na ya chini. Kila ukanda uwe na mbinu zote tatu, na mpangilio upatikane kwa kura. Mtakuwa na vipande tisa. Mbegu iwe ile ile, miche ya umri mmoja, samadi debe kwa debe, dawa siku moja. Hilo la dawa msilidharau, maana kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, haheshimu mipaka: kipande kisichopigwa kinalisha wadudu wa jirani. Kati ya vipande acheni kama mita moja, na mistari ya pembeni msiipime, kwa sababu maji ya mfereji huvuja hadi kwa jirani na kumsaidia bila jasho.

Matenga nayo yaacheni sokoni. Tenga la dalali halina kipimo. Tafuteni mizani, pimeni kila mchumo, zilizopasuka na zilizotobolewa kando, na mwandike papo hapo. Andikeni pia muda: nani alimwagilia saa ngapi, nani alipalilia. Nashuku matandazo yatawashangaza hapo, kwa sababu magugu hupungua sana, na majani ya migomba mnayo bure.

Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, msikimbilie kusema mbinu fulani ni mbaya. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha ikigusa maji safi kwenye glasi. Ukiona uzi mweupe kama moshi unateremka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Uko kwenye udongo, na matone hayautibu. Andikeni ni kipande gani, na msihesabu mche huo kama kosa la mbinu.

Kuhusu mipira yenyewe: maji ya mfereji yana tope, na vitundu vya matone huziba upesi. Bila chujio na tangi lililoinuliwa mtakuwa mmenunua kamba za plastiki. Wekeni gharama hizo kwenye hesabu kabla hamjasema nani kashinda.

Mgawanyo wa mavuno uandikwe kabla ya kupanda, basi. Mimi ningeuza yote na fedha iende kwenye kodi ya msimu ujao.

Ninyi mko karibu na Tengeru, kwa nini msiende? Kituo cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko pale, na Kituo cha Mboga cha Dunia kimekuwa na ofisi yake ya Afrika Arusha tangu 1992. Hiyo Tanya yenu ilitoka kwenye kazi ya utafiti ya huko huko na ikaidhinishwa 1997. Ombeni kuona vipande vyao vimepangwaje, maana ukishaviona kwa macho hutahitaji barua yangu.

Na siku ya kura, karatasi zichotwe na mtu mwingine, si mwenyekiti.