Maswali na majibu: Pikipiki, Kitulo na kona hamsini na saba

Mvua zikikatika, barua nyingi huuliza mzunguko mmoja: Mbeya hadi Chimala kwa lami, kilomita 78, kupanda zile kona za Hamsini na Saba hadi Matamba, kukata uwanda wa Kitulo, kushukia Isyonje na kurudi Mbeya siku hiyo hiyo. Nimechagua maswali saba.

Nina pikipiki ya cc 125. Itapanda Matamba nikiwa nimempakia mtu?

Itapanda, akiwa mmoja. Mshikaki kwenye kona zile ni kutafuta msiba, na anayeniandikia kuomba ushauri wa kupakia wawili asisubiri jibu.

Chimala iko kwenye mita 1,100 hivi, Kitulo ni 2,600. Kila mita 1,000 unazopanda, injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa sababu hewa inapungua. Kwa hiyo ingiza gia ya kwanza kabla ya kona. Ukisubiri mpaka injini ianze kugonga utabadilisha gia katikati ya kona, huku pikipiki imelala na changarawe iko chini ya tairi. Wengi hapo hushikilia klachi nusu ili injini isizime. Klachi inaungua hivyo hivyo. Ukisikia harufu kali na injini inalia bila mwendo kuongezeka, simama upande wa ndani wa barabara upoze. Kabla ya safari hakikisha ncha ya mkono wa klachi ina mchezo wa milimita 10 hadi 15.

Kama unapanda milima kila wiki, badilisha sproketi ya mbele kutoka meno 14 kwenda 13. Utapoteza mwendo kidogo kwenye lami, lakini mlimani gia ya kwanza itakuwa na nguvu. Ukimaliza, pima tena ulegevu wa cheni, milimita 25 hadi 30 katikati.

Nikifika juu inakohoa na kutoa moshi mweusi. Fundi ameniambia nitoe filta ya hewa. Ni sawa?

Si sawa, na fundi anayekwambia hivyo anakutafutia kazi ya kuchonga silinda. Kabureta imepimwa kwa hewa ya chini. Juu hewa ni chache, petroli inayonyonywa ni karibu ile ile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito: plagi inajaa masizi, injini inakohoa. Ukitoa filta hewa inaongezeka kweli, ila inaingia na vumbi la barabara, na vumbi hilo likichanganyika na oili linasaga ringi na ukuta wa silinda kama msasa.

Kwa safari ya siku moja fanya hivi. Safisha filta au weka mpya, kwa sababu filta chafu huzidisha tatizo lile lile. Angalia choki imerudi yote. Nusu ya malalamiko ya moshi mweusi ni choki iliyosahauliwa. Beba plagi moja ya akiba na spana yake. Jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, usiiguse. Anayeishi Makete anaweza kupunguza jeti kuu saizi moja au mbili, lakini wewe unayerudi chini jioni utakuwa na mchanganyiko mwepesi, na huo huchemsha injini hadi kutoboa pistoni.

Naweza kuzima injini wakati wa kushuka ili kuokoa mafuta?

Hapana. Nimelijibu mara nyingi na bado linaletwa, na mteremkoni ndiko watu wanakofia.

Injini ikizimwa au gia ikiwekwa huru, hakuna kinachokushikilia. Uzito wote, wako na wa mzigo, unabaki kwenye breki. Taa kubwa ya pikipiki nyingi hizi inapata umeme wake injini ikiwa inazunguka. Ukikutana na ukungu wa Kitulo uko gizani. Na ukipapasa ufunguo huku usukani umekatwa, usukani unaweza kujifunga.

Breki nazo zina kikomo. Dramu ikipata moto inatanuka na kuachana na viatu vya breki. Pedali inashuka, na kiatu kilichoungua kinang'aa kama kioo, hakikamati tena. Ya diski huharibika kwa njia nyingine: mafuta ya breki huvuta unyevu. Ya aina ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230, iliyokwisha kunywa unyevu huchemka kwenye 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabinyika, na mkono wa breki unafika kwenye mpini bila kitu kutokea. Badilisha kila miaka miwili.

Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Finya breki zote mbili ukiwa umenyooka kabla ya kona, kisha achia zipumue. Usikanyage pedali mteremko mzima. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika 20, wala usimwagie dramu maji, inaweza kupasuka. Mafuta unayookoa kwa kuzima injini hayafiki robo lita.

Niongeze ambalo hukuuliza: kama ni mara ya kwanza, usishuke kwa Hamsini na Saba. Pandia huko, shukia Isyonje. Na lori la viazi likipiga rivasi kwenye kona, kaa mbali kabisa mpaka limalize.

Nipunguze upepo wa tairi nikiwa juu?

Usipunguze. Mbele psi 25, nyuma 28, ukipakia mtu nyuma 32, kisha linganisha na kibandiko cha pikipiki yako.

Petroli inapatikana njiani?

Jaza Chimala. Juu utakuta ya chupa, na chupa iinue juani kwanza: maji hukaa chini, na mstari wake unaonekana.

Nikitoka Mbeya saa nne asubuhi nitawahi kurudi?

Hutawahi. Toka saa kumi na mbili. Mwezi wa sita na wa saba vaa glovu na koti la kuzuia upepo kuanzia Matamba, kwa sababu Kitulo hupata sakitu, na vidole vilivyokufa ganzi havifinyi breki kwa wakati.

Nibebe nini kwa ajili ya pancha?

Tyubu moja ya nyuma (ya 3.00-17 huingia pia kwenye tairi la 2.75-17), viraka, gundi, msasa, vipande viwili vya chuma vya kutolea tairi, pampu ya mkono na spana ya ekseli. Wengi hubandika kiraka gundi ikiwa mbichi, kinabanduka kilomita 5 mbele. Kwaruza, paka, subiri mpaka gundi isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugandamiza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo.