Kabla ya Kununua Mkanda, Isikilize Kwadi Yako

Mwezi wa mwanzo nilipokabidhiwa kwadi tatu, yaani pikipiki za magurudumu manne, za kutembezea wageni huku Nungwi, nilinunua mikanda miwili kwa chombo kimoja, ile ya mpira inayopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Kilikuwa kikilia kila kinapoondoka. Ukigusa mafuta tu, kinatoa ukelele mwembamba kama mlango wenye bawaba kavu, kikishika mwendo kinanyamaza. Fundi akasema mkanda. Nikanunua mkanda. Siku nne kimya, ya tano kelele zimerudi. Nikanunua wa pili. Na mkanda hauuzwi dukani kwa jirani: unapanda daladala mpaka sokoni Darajani, mjini, ukikosa huko unasubiri boti ya Dar, na chombo kimelala.

Mkanda haukuwa na kosa. Siku niliyofungua kava mwenyewe, nikaielekeza jua ndani, niliona nyuma ya puli ya mbele, lile gurudumu linalozungusha mkanda, duara jeusi la oili iliyoganda na vumbi. Sili ya krenki, ile pete ya mpira inayozuia oili ya injini isitoke, ilikuwa inavuja kidogo kidogo, puli inapozunguka inairusha ile oili kwenye mkanda, na mkanda wenye oili lazima uteleze. Nilibadilisha sili, nikazisafisha puli zote mbili, nikafunga mkanda mpya. Mpaka leo naona uchungu nikiikumbuka ile mikanda miwili ya bure.

Kwa hiyo mtu akiniletea kwadi inayopiga kelele, siulizi mkanda una muda gani. Namuuliza: inalia wakati gani? Ikiwa imesimama na injini inawaka? Inapoondoka? Katika mwendo? Au ukiachia mafuta? Jibu la hapo linakuonesha nusu ya ugonjwa kabla hujashika spana.

Kwanza ujue chombo chako kimeundwaje, maana kwadi zote si mamoja. Zipo zenye gia za kawaida, hizo hazina mkanda kabisa. Zile ndogo za sisi 150 zenye injini ya muundo wa GY6, kama za skuta, zina puli ya mbele yenye rola sita ndani, vipande vizito vya mviringo, puli ya nyuma yenye springi, na klachi ya viatu huko huko nyuma. Viatu hutanuka kwa mwendo vikashika bakuli. Kwadi kubwa kama Polaris, mkanda wenyewe ndio klachi: injini ikiwa chini puli ya mbele haiubani, ukitia mafuta inaubana na safari inaanza. Yamaha Grizzly nayo ina mkanda, lakini klachi yake iko peke yake ndani ya oili. Usichukue dawa ya moja ukaitia nyengine.

Ukelele wa kuondokea ndio ninaouona zaidi. Maana yake kitu kinateleza: mkanda uliopata oili au maji, mkanda uliochakaa ukang'aa ubavuni kama kioo, au kwa zile ndogo, viatu vya klachi vilivyong'aa. Viatu huwa vina alama yao, chombo kinatetema pale unapoondoka, unakihisi mpaka kwenye mikono. Hapo unavikwangua kwa msasa, pamoja na ndani ya bakuli, unapangusa vumbi. Bakuli likiwa limegeuka buluu kwa moto, tafuta jengine.

Mgongano wa chuma wakati imesimama, ule wa kama mawe ndani ya kopo, mara nyingi ni rola au bushi ya puli ya mbele. Zitoe rola uzibiringishe juu ya kioo au meza. Iliyo nzima inakwenda, iliyolika inasimama kwenye ubapa wake. Badilisha zote sita kwa uzito ule ule. Moja moja haifai, puli inakwenda upande.

Mvumo unaopanda kadiri ya mwendo ni beringi. Toa mkanda, zungusha puli ya nyuma kwa mkono taratibu. Ukisikia kukwaruza, kama kuna mchanga ndani, umeshaipata.

Sasa ile ya kugonga, tap, tap, tap, inayokwenda mbio chombo kikienda mbio. Hii niliijua kwa ngalawa. Jioni moja maji yanakupwa, mzee mmoja wa pwani akaniita: "Mwanangu, hebu niazime nguvu za hiyo pikipiki yako, chombo kimekwama." Mzee kama yule huwezi kumwambia hapana. Nikafunga kamba kwenye ile kwadi kubwa, nikatia mafuta nikiwa kwenye gia ya juu. Ngalawa imezama mchangani, magurudumu hayaendi, injini inanguruma, na mimi naongeza. Harufu ya mpira ulioungua ikapanda. Nilipotia gia ya chini, ngalawa ikaja taratibu bila ya taabu, lakini mkanda ulishakwisha. Nilipoutoa nikaupitisha baina ya vidole, pahala pamoja, urefu wa pingili mbili za kidole, palikuwa pamelika pande zote mbili kama kiuno cha nyigu. Puli ilizunguka pale pale juu ya mkanda uliosimama. Kila kiuno kile kinapoingia kwenye puli kinagonga. Mkanda kama huo hauna dawa.

Nawaomba sana vijana wenzangu mnaotembeza wageni: kuvuta kitu, kupanda mlima, kutoka mchangani au kwenda polepole maweni kwa muda mrefu, tieni gia ya chini. Mikanda mingi huku inauliwa na gia ya juu.

Ukifungua kava, toa ufunguo kwanza. Na ukitaka kuiwasha ikiwa wazi uone inavyozunguka, nyanyua magurudumu, uvue kikoi, usisimame sawa na njia ya mkanda. Ukikatika unaruka kama mjeledi.

Mkanda uukague kwenye jua, uupinde nje ndani. Nyufa kwenye mashina ya meno, nyuzi zilizochomoza ukingoni, mng'ao. Upime na upana. Kwenye mkanda wa GY6 utaona maandishi kama 842-20-30: urefu milimita 842, upana 20, pembe nyuzi 30. Mimi ukifika 18 nauweka kando. Usiununue kwa kukisia kwa macho, chukua ule wa zamani uende nao dukani.

Puli nazisafisha kwa thina na kitambaa kikavu, halafu napitisha msasa laini kuondoa weusi wa mpira. Hapa nasema kwa nguvu zote: usipake grisi, usipulize dawa ya kulainisha, usipake sabuni. Kelele zitanyamaza nusu saa, kisha mkanda utateleza mpaka uungue. Mkanda wa aina hii unafanya kazi kwa ukavu wake. Usiutie kwa kuuchokoa na bisibisi pia. Tanua puli ya nyuma, ushushe mkanda katikati, ndipo uupandishe mbele, na ukiwa na mshale ufuate unakoelekea chombo. Nati ya mbele ikazwe barabara. Ikilegea inakula meno ya shafti, na hapo hatuzungumzi tena bei ya mkanda.

Masika, ukiingia dimbwini na chombo kikaanza kulia bila ya kwenda, usilazimishe. Simama, tia nyutro, fungua kizibo cha chini ya kava maji yatoke, kisha pandisha injini kidogo mara kadhaa mpaka upepo wa puli uukaushe. Ukitoka pwani osha kwa maji baridi kuondoa chumvi, lakini mpira wa maji usiuelekeze kwenye bomba la kuvutia hewa la mkanda. Sponji ya hapo ioshwe. Vumbi letu la mawe meupe ni kama msasa, ndani ya wiki linaziba.

Mkanda mpya uuendeshe kwa upole kilomita 50 za mwanzo, bila ya kuvuta kitu, upate kushika puli. Ule uliotoka ukiwa bado una upana wake, uweke chini ya kiti pamoja na spana ya kava. Njia za maweni upande wa Matemwe ni mbali kusukuma kwadi kwa mkono.