Printa ya ghala inatema herufi za ajabu

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna AS/400, ile kompyuta kuu ya IBM, ofisini. Printa ya hapa inachapa vizuri, ila ya ghalani, ng'ambo ya barabara, inatoa vikorokoro tu. Rimu nzima imekwisha! – Karani wa stoo, Tanga

JIBU: Marahaba. Printa umeisingizia. AS/400 hutuma maandishi kwa SCS, lugha yake yenyewe, na printa za kawaida haziielewi. Simamisha raita (programu inayopeleka kazi kwenye printa) ya foleni ya ghala kwa amri ya ENDWTR, kisha kwa CHGOUTQ weka TRANSFORM(*YES), ili SCS itafsiriwe, na MFRTYPMDL, yaani modeli, inayolingana na printa yako, mfano *HP4. Washa tena kwa STRRMTWTR.

Ukitaka kuchapa ukurasa wa 7 hadi 9 tu, foleni ya mbali kama hiyo ya ghala haikubali. Mimi huiacha kabisa: naisajili printa yenyewe kwenye AS/400 kwa CRTDEVPRT, daraja la kifaa *LAN, kiunganishi *IP, poti 9100.

Na anwani ya IP ya printa iwe ya kudumu. Niliwahi kukesha ofisini nikilaumu kebo, kumbe umeme ulikatika na ruta ikaipa printa anwani nyingine. Mlinzi alinicheka hadi asubuhi.