Usikimbilie kublok: nilivyoibana kampuni ya mtandao iliyoacha nitukanwe

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, niko jikoni kwetu Likoni, Mombasa, nachoma kaimati za kuuza, mkono umejaa unga, simu ikaita namba nisiyoijua. Nikadhani ni oda. Sauti ya mwanamume ikaniuliza kama mimi ndiye wa ile posti, na usiku nachukua pesa ngapi. Nikakata. Sijanawa hata mkono ikaita tena, mtu mwengine swali lile lile. Mpaka inaadhiniwa magharibi walikuwa wamepiga watu kumi na saba.

Kumbe kuna mtu alifungua akaunti kwa jina langu, akabandika picha zangu za biashara na namba yangu ya simu, na chini yake akaandika maneno mengi, sitayarudia yote, lakini moja lilisema "kaimati mchana, usiku anakupa asali." Mswahili yeyote akisoma hapo anajua kinachouzwa si asali.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya, nikaripoti haraka haraka halafu nikaiblok ile akaunti kwa hasira. Hapo nilikosea sana. Ukishablok huioni tena, hujui wameongeza nini, na linki huna. Ikabidi binamu yangu ndiye awe ananitazamia kila jioni, na zile posti mbili za kwanza zilishafutwa na mwenyewe kabla hatujazipiga skrinshoti, ushahidi ukapotea hivyo.

Kwa hivyo dada zangu na kaka zangu, kabla ya kuripoti, kabla ya kublok, kabla hata hujamjibu mtu, hifadhi. Piga skrinshoti ya posti nzima ionyeshe jina la akaunti, tarehe na saa, halafu fungua ukurasa wa ile akaunti ukopi linki yake, kwa sababu jina hubadilishwa kwa dakika moja na ukibaki na jina peke yake unaweza kukosa pa kushika. Tuma vyote kwa mtu unayemwamini au kwa imeili yako mwenyewe, simu huibiwa. Na waombe marafiki wasiende kukutetea kwenye komenti. Najua inauma kukaa kimya, wenzangu walinipenda wakaenda kugombana kule, lakini kila komenti inaifanya posti ionekane ina moto na mtandao unaisukuma kwa watu zaidi.

Jibu la ripoti yangu lilikuja baada ya siku mbili, kwa Kiingereza, kwamba wameangalia na hawakuona kilichovunja kanuni zao. Nililisoma mara tatu nimekaa kitandani kwa mamangu. Ami yangu akaniambia, "Mwanangu, funga hiyo namba, acha biashara ya mtandao, watu watasahau." Nikamwambia, "Ami, nikifunga hii namba wateja wangu nawapata wapi?" Simlaumu, alikuwa anaogopa. Lakini ndivyo wanawake wanavyotolewa mtandaoni, aliyetukana anabaki na aliyetukanwa ndiye anayeambiwa aondoke.

Wengi waliniambia nimlaumu aliyeandika. Namlaumu. Ila yeye alikuwa na simu moja tu na hana hata wafuasi hamsini. Aliyeipeleka ile posti mpaka kwa wanaume wa Kisauni na Mtwapa wasionijua ni mtandao wenyewe, na binamu yangu aliponionyesha, katikati ya komenti za kunitukana palikuwa na tangazo la kulipiwa. Yaani kuna mtu alikuwa anaingiza pesa hapo, na huyo ndiye niliyempelekea ripoti akaniambia haoni tatizo.

Mimi nashukuru yangu iliishia kwenye simu na machozi. Kuna Profesa Meareg Amare wa Ethiopia, mwalimu wa kemia chuo kikuu cha Bahir Dar, mwaka 2021 aliandikwa vibaya Facebook kwa jina na picha, na mwezi wa Novemba akapigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Mwanawe Abrham anasema aliziripoti zile posti kabla baba yake hajauawa. Disemba 2022 yeye na wenzake, pamoja na Katiba Institute, shirika la Kenya la kutetea katiba, wakaishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, hapa hapa Kenya, jijini Nairobi, kwa sababu kazi ya kukagua posti za nchi zetu ilikuwa inafanyiwa Nairobi. Kampuni ikasema mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema kesi itasikilizwa. Kesi yenyewe ni safari ndefu, lakini yale maneno ya "hawa wako Marekani huwawezi" mimi sitaki kuyasikia tena.

Sasa kilichonisaidia. Niliripoti upya, safari hii sikuchagua "unyanyasaji", nilichagua kwamba mtu anajifanya mimi, nikaweka picha ya kitambulisho. Na kwenye nafasi ya maelezo nikawafafanulia lile neno asali, kwamba kwa Kiswahili hapa limetumika kusema nauza mwili, na kwamba namba iliyoandikwa ni yangu na napigiwa usiku. Usidhani anayekagua anaelewa mafumbo yetu, huenda ni mashine, huenda ni mtu asiyejua Kiswahili kabisa. Mfafanulie kama unamweleza mgeni.

Pia nilienda polisi nikachukua namba ya OB, yaani namba ya daftari la matukio inayoonyesha umeripoti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Kenya ya 2018, kifungu cha 27, unyanyasaji wa mtandaoni adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10, au vyote, na kifungu hicho hicho kinairuhusu mahakama kuiamuru kampuni itoe taarifa za mwenye akaunti ili ajulikane. Sheria hii imetumika pia kuwasumbua mabloga wanaoikosoa serikali na hilo sikubaliani nalo, lakini kwa mtu kama mimi ilikuwa ni kitu cha kushika. Walio Tanzania wanayo yao ya 2015, kifungu cha 23.

Kuna na ofisi ya Kamishna wa Data hapa Kenya, inayolinda taarifa zako binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, malalamiko yanatakiwa yamalizwe ndani ya siku 90. Mwaka 2023 klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake, kwa hivyo picha yako ina thamani mbele ya sheria. Na kama walizozisambaza ni picha zako za utupu na umefika miaka 18, nenda StopNCII.org, simu yako yenyewe inatengeneza alama ya ile picha, inatumwa alama tu kwa kampuni zilizojiunga, picha haitoki kwako.

Barua niliyoiandikia ile kampuni ilikuwa fupi. Niliweka linki, tarehe za ripoti zangu zote mbili na majibu yao, namba ya OB, halafu nikaandika: "Kuanzia leo mnajua, na kila siku posti hii inayobaki mtakuwa mmeiacha mkijua." Wakili mmoja, rafiki wa familia, ndiye aliyenipa hiyo sentensi, akasema kesho mbele ya hakimu hawataweza kusema hawakuambiwa. Akaunti ilitolewa siku ya kumi na moja. Simu zilichukua kama mwezi kuisha.

Juzi binti wa jirani alikuja analia, wamemfungulia akaunti kama yangu, tayari kidole kiko kwenye kublok. Nikamshika mkono, nikamuuliza, "Mamii, linki umeikopi?"