Jibu: Spika mpya kwenye Corolla ya zamani, besi imepotea

Habari mkuu. Umesema umefunga spika mpya milango ya mbele, sauti ipo ila besi hakuna. Anza na chanya na hasi za nyaya za spika: upande mmoja ukigeuzwa, spika moja inasukuma huku nyingine inavuta, besi inakufa. Chomoa soketi nyuma ya redio, kisha gusisha betri ya saa ya ukutani (volti 1.5) kwenye nyaya mbili za spika ya mlango mmoja, mara moja tu. Koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka) ikitoka nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya. Toyota nyingi za zamani kushoto mbele ni pinki chanya, zambarau hasi, lakini fundi akishapita humo usiamini rangi. Na hasi ya spika usiifunge kwenye bodi ya gari, utaunguza redio.