SWALI: Nikitoa kitu kidogo mume wangu awahi kupandikizwa figo, kuna ubaya?

Assalam alaykum sheikh. Mume wangu figo zimefeli, anasafisha damu mara tatu kwa wiki. 2020 tulishajipanga kwenda India, mdogo wake ndo mtoaji, corona ikaja ndege zikafungwa. Tukahamia foleni ya hapa nyumbani nayo ikasimama, walipoanza tena walokuja nyuma yetu wanatangulia. Kuna mtu kaniambia nikitoa kitu kidogo tunapita. Ni haramu?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, Allah ampe shifaa. Marehemu ami yangu nae alikuwa na mkono ule wa mashine, ule wanaounganisha mishipa ili damu isafishwe, ukiushika unausikia unanguruma ndani kama simu ya vaibresheni, kwahiyo sikwambii subiri kirahisi rahisi.

Ndege za India kufungwa Machi 2020 hakuna alokudhulumu, ule msiba wa wote. Na hosp nyingi duniani zilisimama kwasababu mtu akishawekewa figo anapewa dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae, sasa umshushe kinga na kirusi kimezagaa nje si unamuua? Mtume s.a.w kasema hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Ila foleni ilipofunguliwa hapo ndo pana mambo. Muulize kwanza daktari alotangulizwa ana hali gani, manake kuna mgonjwa mishipa ya kusafishia imeziba yote, huyo akingoja anakufa, kumtanguliza ni haki kabisa. Hali zikilingana anatazamwa aliyefika kwanza, na hapo nako wakilingana ipigwe kura, Mtume s.a.w akisafiri alikuwa anapiga kura baina ya wakeze.

Sasa hicho kitu kidogo. Utaambiwa wapo wanazuoni waliosema mtu akizuiliwa haki yake akakosa njia akalipa, dhambi ni ya mpokeaji. Kweli wamesema, lkn kwa haki iliyothibiti ni yako na bila kumdhuru mwengine. Wewe hujui kama zamu ile ni yenu, na mbele yenu yupo mtu nae mkono unanguruma, hela yako ndo inamrudisha nyuma. Mtume kamlaani mtoa rushwa na mpokeaji, wote wawili. Haifai dada.

Andika barua kwa mganga mfawidhi, taja tarehe za vipimo vyenu, omba wakujibu kwa maandishi kwanini mmerukwa. Ukigundua kuna alonunua nafasi mripoti, huo sio umbea. Na shemeji yako arudie vipimo mapema, vile vya 2020 vimeshapitwa, zamu isije ikafika mkaambiwa mtoaji hajakamilika.